Maneno ya mgonjwa yaandikwe jinsi alivyoyasema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi wa Nairobi wamelionja, ama wao wenyewe ama jamaa zao: mtu kwenda hospitalini, akaeleza ugonjwa wake kwa kinywa chake, kisha akarudishwa nyumbani kana kwamba hakusema kitu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama kwa miaka 26, na kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha kwamba neno la mtu halipotei kati ya kinywa chake na karatasi ya hakimu. Ndiyo maana yaliyompata dada yangu yamenikosesha usingizi.

Mdogo wangu huyo alijifungua mtoto wake wa tatu mwaka juzi, akiwa na umri wa miaka 34. Alijifungua salama. Ilipofika wiki ya tano akaanza kukohoa usiku na kuishiwa pumzi, na miguu ikavimba hata viatu vikakataa kuingia. Kati ya wiki ya saba na ya kumi alikwenda mara tatu katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, upande wa mashariki ya jiji. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa sababu sidhani kosa ni la kituo kimoja. Kama ilivyo desturi katika vituo vyetu vingi vya umma, alinunua daftari dogo la shule kwenye kibanda nje ya lango, maana ndimo tabibu anamoandika, na daftari hilo liko mezani mbele yangu ninapoandika barua hii.

Ukurasa wa kwanza, kwa Kiingereza, umeandikwa kikohozi cha wiki mbili, na chini yake dawa ya kuua viini. Ukurasa wa pili umeandikwa kwamba kikohozi kinaendelea, dawa ikabadilishwa, ikaongezwa ya maji. Ukurasa wa tatu una neno moja tu la maelezo, nalo ni wasiwasi, na chini yake vitamini. Mara hiyo ya tatu nilimsindikiza na kuketi naye ndani, kwa hiyo sisimulii niliyoambiwa. Nilimsikia akisema, kwa sauti ndogo lakini kwa ufasaha, "Daktari, nikilala chali nahisi kama nazama." Akajibiwa, "Mama, una mtoto mchanga na wengine wawili nyumbani, lazima uchoke. Punguza mawazo." Kalamu haikugusa karatasi aliposema hayo. Baadaye aliniambia kwamba maneno hayohayo aliyasema mara zote tatu, na mimi namwamini.

Siku nne baadaye alimpeleka mtoto kuchanjwa chanjo ya wiki kumi katika zahanati nyingine. Muuguzi aliyekuwa akijaza kijitabu cha mtoto alisita, akaweka kalamu chini, akamtazama mama jinsi anavyohema, akamuuliza, "Dada, usiku unalala na mito mingapi?" Dada akamjibu, "Silali, sista. Nakaa." Muuguzi akainama, akainua pindo la leso, akambonyeza kwenye muundi kwa kidole gumba, kisha akakiondoa kidole. Shimo likabaki pale, halikurudi. Hakuuliza swali lingine. Aliandika barua ya rufaa papo hapo, na jioni ile kipimo cha mawimbi ya sauti, kile wanachokiita eko, kikaonyesha kwamba moyo wa dada yangu ulikuwa umedhoofika sana.

Ugonjwa wenyewe ni kadiomayopathi ya uzazi. Huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi michache ya kwanza baada ya kujifungua, na unajulikana vyema barani Afrika. Moyo hushindwa kusukuma damu inavyopasa. Mtu akisimama, damu na maji hujikusanya miguuni. Akilala chali, damu ile hurudi kifuani kwa wingi, moyo ukalemewa, na maji yakajipenyeza katika mapafu. Kwa hiyo dada yangu aliposema anazama, hakuwa akipamba maneno wala kulalamika ovyo. Alikuwa akieleza kwa usahihi kamili kilichokuwa kikitokea ndani ya mwili wake, na kama sentensi hiyo moja ingeandikwa ukurasa wa kwanza jinsi alivyoitamka, nina hakika yeyote ambaye angelifungua daftari lile baadaye angeshtuka. Badala yake liliandikwa neno kikohozi, na tangu siku hiyo kila aliyelifungua alimwona mtu mwenye kikohozi.

Sasa nieleze kwa nini nalinganisha jambo hili na mahakama. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku ana haki, chini ya Ibara ya 50 ya Katiba yetu, ya kupewa mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kabla hakimu hajaamua kama jibu hilo ni kukiri. Nimeshuhudia hukumu zikibatilishwa katika rufaa kwa sababu tu kumbukumbu hazikuonyesha lugha iliyotumika. Hakimu hawezi kumsikiliza mtu akisema, "Nilichukua, lakini nilidhani ni wangu," kisha akaandika kwamba amekiri. Akifanya hivyo atasahihishwa na mahakama ya juu. Hospitalini jambo hilohilo hufanyika kila asubuhi, na hakuna wa kusahihisha, kwa sababu maneno yaliyotupwa hayamo popote.

Ninajua kwamba kutafsiri si kazi nyepesi, tena katika jiji hili. Homa kwa mgonjwa mmoja ni mafua na kwa mwingine ni joto la mwili. Malaria ni jina la kila kitu kinachotetemesha. Kichomi chaweza kuwa maumivu ya ubavuni baada ya kukimbia, na chaweza kuwa nimonia. Tabibu aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza anasikia Kiswahili, pengine kilichochanganywa na lugha ya nyumbani kwa mgonjwa, kisha anaandika Kiingereza, na yote hayo ayafanye kwa dakika chache. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba maneno ya mwanzo yahifadhiwe, ili atakayefuata aweze kuyapima upya.

Kuna jambo jingine ambalo mkalimani hulijua mapema katika kazi yake. Lugha yetu ina adabu inayopunguza maumivu. Ukimuuliza mtu mzima hali yake, atakwambia hajambo, hata kama amebebwa hadi mlangoni. Atasema anaumwa kidogo. Atasema si sana, anamshukuru Mungu. Mahakamani nilijifunza kwamba neno "kidogo" katika kinywa cha mama wa makamo halipimi ukubwa wa kitu, linapima heshima yake kwa anayemsikiliza. Akina mama wengi wa Nairobi wanaketi mbele ya daktari wakiwa na maumivu ambayo yangemlaza mtu mwingine sakafuni, nao wanasema wanaumwa kidogo, na daktari anaandika kidogo. Kisha yule anayevunja adabu hiyo na kusema wazi kwamba anateseka anaonekana ana kelele, au ana mawazo, au anatafuta sindano. Vijana wenye selimundu (sickle cell) wanayajua haya vizuri, maana wanapofika usiku wakilia kwa maumivu ya mifupa, wapo wanaotiliwa shaka kwamba wanatamani dawa kali tu.

Wanawake ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi wa kutosadikiwa. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki hapa Nairobi mwezi Juni 2024, alisimulia hadharani maumivu ya hedhi yaliyoanza utotoni mwake na miaka mingi iliyopita kabla ya kujulikana kwamba ni endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, ambayo kwake ilikuwa imefika kifuani na kuyafanya mapafu yaporomoke. Alitumia uhai wake uliobaki kuwaambia wasichana kwamba maumivu ya kuzimia si kawaida ya mwanamke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unawapata takriban wanawake na wasichana milioni 190 walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Wala umaarufu na fedha si kinga. Mcheza tenisi Serena Williams alipojifungua mwaka 2017 alihisi dalili za damu kuganda mapafuni, tatizo alilokuwa amewahi kuugua, akamwomba muuguzi apigwe picha ya kifua na apewe dawa ya kuyeyusha damu, na muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemvuruga akili. Alishikilia neno lake mpaka akapigwa picha, na damu iliyoganda ikaonekana.

Najua jibu nitakalopewa na wahudumu wa afya, nalo ni kwamba hakuna muda. Sipuuzi jibu hilo. Asubuhi ile ya tatu nilihesabu watu 47 kwenye mabenchi, na waliokuwa wakiwahudumia walikuwa wawili. Madaktari wetu waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na miongoni mwa waliyoyalilia ni mazingira hayo ya kazi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ Open, uliokusanya taarifa za nchi 67, ulionyesha kwamba daktari wa huduma ya msingi hukaa na mgonjwa kuanzia sekunde 48 nchini Bangladesh hadi dakika 22 na nusu nchini Uswidi, na kwamba katika nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wote duniani muda huo haupiti dakika 5.

Hata hivyo, muda si hoja kamili. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 1984 wakakuta mgonjwa hukatizwa baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake, na utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo uliochapishwa mwaka 2018 ukakuta ni sekunde 11. Katika utafiti huo wa pili, wagonjwa walioachwa waseme bila kukatizwa walimaliza kutaja shida yao kwa sekunde 6 hivi. Nimeitamka sentensi ya dada yangu huku natazama saa. Ni sekunde tatu. Kuiandika ni sekunde kumi. Vidonge alivyoandikiwa katika safari zile tatu, foleni tatu alizopanga na nauli za matatu za kwenda na kurudi, vyote vilitokana na sekunde hizo kumi kubaniwa.

Uingereza sasa wana utaratibu ambao nautamania kwa nchi yetu. Jessica Brady, mhandisi kijana, alifariki Desemba 2020 kwa saratani akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kuwasiliana na kliniki yake zaidi ya mara 20 katika miezi michache. Wazazi wake hawakukubali jambo hilo lifukiwe naye. Mwezi Septemba 2025 huduma ya afya ya nchi hiyo ilizindua Kanuni ya Jess, inayomtaka daktari, mgonjwa anapokuja mara ya tatu na dalili zilezile au zilizozidi bila ugonjwa kujulikana, aache aliyokuwa akiyaamini na aanze kufikiri upya: amchunguze mgonjwa ana kwa ana, aagize vipimo vingine, amwombe mwenzake amtazame au ampeleke kwa bingwa. Kabla ya hapo, kifo cha Martha Mills, binti wa miaka 13 aliyefariki mwaka 2021 baada ya wasiwasi wa wazazi wake kutozingatiwa wodini, kilizaa Kanuni ya Martha, inayowapa mgonjwa na jamaa zake njia ya kuita kikosi kingine cha wahudumu mgonjwa anapozidiwa. Ilianza kutumika katika hospitali za England mwaka 2024.

Hapa kwetu sheria hazikosekani. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unataja haki ya kupata maoni ya daktari mwingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na haki ya kuwasilisha malalamiko yakachunguzwa, na mabaraza ya madaktari, ya wauguzi na ya maafisa wa kliniki yapo kupokea malalamiko hayo. Lakini malalamiko huja baada ya madhara, na mlalamikaji ataulizwa ushahidi. Dada yangu angepeleka ushahidi gani? Daftari lake linasema alikuwa na kikohozi, na kweli alikuwa na kikohozi. Tabibu yule, kwa mujibu wa karatasi, hakukosea popote.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa serikali za kaunti, nikianzia na hii yetu ya Nairobi, ni dogo na halihitaji bajeti ya mashine. Mstari wa kwanza wa kila ziara, katika daftari au katika kompyuta, uwe ni maneno ya mgonjwa, kwa lugha aliyoyasema. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7, kwa hiyo hakuna sababu ya mhudumu kuona haya kukiandika katika faili. Mstari wa pili uwe wa tabibu, aandike anavyoelewa yeye, kwa Kiingereza chake na vifupisho vyake. Na mgonjwa anaporudi mara ya tatu na shida ileile, anayempokea awe amelazimika kusoma mistari ya kwanza ya ziara zote kabla ya kushika kalamu, kisha ama amkabidhi kwa mwenzake ama ampe rufaa. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja na afisa mmoja wa kliniki, mwenzake huyo ni yule muuguzi, na habari ya dada yangu inaonyesha kwamba sikio la muuguzi linatosha kabisa.

Nasi wagonjwa tuna letu la kufanya. Tunaficha dawa za mitishamba tulizokunywa, tunakatisha vidonge tukipata nafuu, tunahama kliniki bila daftari la zamani. Dada yangu mwenyewe alikiri kwamba ziara ya kwanza alipoulizwa hali alijibu "nzuri" kabla ya kueleza. Nawasihi wasomaji waache kusema "kidogo" mbele ya daktari. Semeni ni wapi, tangu lini, ni kazi gani ya nyumbani mliyokuwa mkiiweza mwezi uliopita na sasa hamuiwezi, na mwombe yaandikwe mkiwa bado mmeketi. Mkiambiwa ni mawazo, mwombe nalo liandikwe, pamoja na sababu ya kulifikia. Ombi hilo likitolewa kwa upole, sioni mhudumu mwaminifu atakayelichukia.

Dada yangu anaendelea na dawa. Daktari wake wa moyo amemweleza kwamba wengi hupata nafuu kwa miezi, wengine kwa muda mrefu zaidi, na kwamba mimba nyingine ingemhatarisha. Anaishi ghorofa ya nne, na siku hizi anapumzika mara moja tu ngazini, ghorofa ya pili, ambako jirani amemwekea kigoda. Amenipa ruhusa ya kulionyesha daftari lake kwa yeyote katika Wizara atakayetaka kuona kurasa zile tatu zikifuatana, na niko tayari kulipeleka Afya House mwenyewe, siku na saa watakayonipangia.

Mkalimani mstaafu wa mahakama,
Umoja, Nairobi